Matete peke yake hayatoshi: kwa mnaoanza kazi ya kusafisha maji ya grinihausi

Wengi wenu mnafika mkiwa mmesomea ardhioevu ya kutengenezwa, yaani kitanda cha kokoto kilichopandwa matete ambamo maji machafu hupitishwa yasafishwe, kwa mfano wa majitaka ya choo na jikoni. Hapa Nairobi mfano wenyewe ni ule wa Splash, Barabara ya Lang'ata, uliojengwa 1994 kusafisha maji ya mkahawa wa Carnivore. Usomeni vizuri, ila msiunakili.

Maji yanayochuruzika kutoka kwenye nyanya, hoho au waridi ni mbolea iliyoyeyuka. Naitreti imejaa, uchafu wa kuoza hakuna. Bakteria wanaoigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni wanataka mahali pasipo na oksijeni, tena wanataka kaboni ya kula. Majitaka ya choo huja na chakula hicho. Haya yetu huja mikono mitupu. Kwa hiyo changanyeni vipande vya mbao au magunzi ya mahindi kwenye kokoto, na kitanda kibaki kimejaa maji hadi chini kidogo ya uso wa kokoto. Hivyo hata mbu hapati pa kuzalia. Kitanda cha kumwagia maji juu yashuke na kukauka huingiza hewa: kinafaa kwa amonia, kwa naitreti hakisaidii.

Mbao zikiwa mpya, maji hutoka rangi ya chai na BOD, yaani kipimo cha oksijeni inayotumika uchafu ukioza majini, hupanda. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayomwagwa nje, basi hayo ya mwanzo yarudisheni kwenye tangi, si mtoni.

Matete na mafunjo wageni huyapenda kwa sababu yanapigwa picha. Yana kazi, lakini sehemu kubwa ya naitreti huondolewa na bakteria, na usipoyakata na kuyatoa, yanaoza papo hapo na kurudisha ulichodhani umekiondoa. Fosfeti hunata kwenye kokoto mpaka kokoto ishibe. Pangeni mapema pesa za kuibadilisha.

Kipimo cha EC, kinachopima chumvi zote zilizoyeyuka kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kitawachanganya. Sodiamu na kloridi hupita tu, na matete yakinywa maji, chumvi iliyobaki hukolea. EC inaweza kupanda huku naitreti ikishuka, na bosi akiona namba hiyo atasema mtambo umekufa. Pimeni naitreti yenyewe, mwonyesheni.

Maji ya paa yasiingie kitandani. Grinihausi ya mita 8 kwa 15, mvua ikinyesha milimita 50, hukusanya lita 6,000. Zikipita humo, maji machafu husukumwa nje kabla bakteria hawajayagusa. Wekeni gata na tangi lake, mtayatumia kuchanganyia mbolea. Baridi ya Juni hadi Agosti nayo huwapunguza bakteria kasi, kwa hiyo miezi hiyo punguzeni maji ya koki ya kuingilia ili yakae kitandani muda mrefu zaidi, na sampuli za kuingia na kutoka mzichukue mara nyingi kuliko kawaida.