Maswali ya Wasomaji: Pijo Lililo Chini ya Mwembe

SWALI: Shikamoo mzee. Nimerithi kwa babu yangu Peugeot 404 ambayo imelala chini ya mwembe kwa miaka mingi. Nasikia wewe uliwahi kuendesha gari la aina hiyo katika mashindano ya Safari, na kwamba unalipenda kuliko mengine yote uliyoyaendesha. Je, ni kwa sababu gani, na gari langu linastahili kufufuliwa? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenigusa, kwa kuwa katika magari yote yaliyopita mikononi mwangu hakuna ninalolikumbuka kwa mapenzi kama Pijo hilo.

Wenzetu wengine walikuwa na magari yenye nguvu zaidi. Injini ya 404 ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,618 tu, nayo ililazwa ubavu chini ya boneti, na gia zake zilibadilishwa kwa mkono mwembamba uliotokeza kwenye shina la usukani. Lakini Safari ya siku zile ilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, ikapita Kenya, Uganda na Tanzania usiku na mchana, na aliyetangulia ni yule ambaye gari lake halikuvunjika. Springi za 404 zilikuwa laini, gurudumu likashuka na shimo mpaka chini na kupanda tena bila kumtupa dereva, nawe ulihisi kupitia kiti, kabla macho hayajaona, mahali ambapo udongo mweusi ulianza kunata. Ndiyo maana gari hilo lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, na kwa kuwa Shankland aliishi Tanzania, sisi wa upande huu tuliona kama ni wetu sote.

Mwaka 1968 mvua ilikuwa kali mno: magari 93 yaliondoka, yakamaliza 7, na Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale 86 ambao hawakumaliza, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Niliingia kwenye kivuko kilichofurika kwa kasi kupita kiasi, maji yakaruka juu ya boneti na injini ikazima papo hapo. Mwenzangu msoma ramani alivua viatu, tukalisukuma mpaka ng'ambo, nikafungua plagi zote nne na kuzikausha moja moja kwa shati langu, huku tochi nimeibana kwapani. Betri ilikuwa imekwisha nguvu, kwa hiyo tulitia hendeli mbele na kuzungusha. Mzunguko wa tatu, gari likawaka, likakohoa maji, kisha likatulia na kunguruma kama vile halikupatwa na lolote. Muda tulioruhusiwa ulikuwa umepita, lakini lilitufikisha nyumbani kwa nguvu zake lenyewe.

Kwa hiyo, ndiyo, lifufue. Anza na sakafu na chini ya milango, kwani kutu ikishakula hapo gharama hupanda haraka. Halafu mwambie fundi wako asikimbilie kutia oili yoyote ya gia kwenye difu, yaani kasha la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Difu ya 404 si ya kawaida: ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi, na baadhi ya oili zilizotengenezwa kwa ajili ya meno ya chuma hula shaba hiyo polepole bila kutoa sauti. Amwage oili ya zamani kwenye karai safi na kuitazama juani. Akiona chembe za rangi ya dhahabu zikimetameta kwa wingi, difu ifunguliwe kwanza, na gari lisivutwe hata hatua moja magurudumu ya nyuma yakiwa chini.