Wasomaji Wanauliza: Kiti cha kurushia tufe, kamba ya mkimbiaji na cheti cha daktari wa macho

Maswali ya michezo ya watu wenye ulemavu yamejaa mezani, mengi yakitoka Dodoma na wilaya zake. Haya matano tumeyachagua kwa sababu yanagusa mambo yanayowakwamisha watu kabla hata hawajafika uwanjani.

Binti yangu ana ualbino, yuko kidato cha pili, na kwenye mita 400 hakuna anayemkaribia. Naambiwa kwa hali yake anaingia Paralimpiki moja kwa moja. Ni kweli? (Mama, Mpwapwa)

Hapana, mama. Ualbino wenyewe haumo kwenye orodha ya aina kumi za ulemavu zinazokubaliwa Paralimpiki, yaani michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Kwa binti yako watakachopima ni macho. Ngozi haimo kwenye hesabu. Mbio za wenye ulemavu wa macho zina makundi matatu: T11 ni wasioona kabisa au wanaokaribia hapo, T12 wanaona kidogo, T13 wanaona zaidi kidogo. Ili uingie T13, uoni wako uwe takriban 6/60 au chini ya hapo, yaani unachokisoma kwa mita 6 mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 60. Au upana wa uoni wako usifike nyuzi 40.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba vipimo hivyo hufanywa mtu akiwa amevaa miwani yake bora. Mtoto anaweza kuwa 6/60 bila miwani, akivalishwa miwani akafika 6/36, na hapo anabaki nje. Kwa hiyo, kabla hujatafuta nauli ya mashindano, mpeleke kliniki ya macho apimwe na miwani na bila miwani, na upana wa uoni nao upimwe. Omba cheti kiandikwe tarakimu. Cheti kinachosema "uoni hafifu" peke yake hakimsaidii mtu. Na hata akipewa kundi hapa nyumbani, kundi la kimataifa hutolewa na wapimaji wa kimataifa.

Mazoezi yaanze baada ya saa kumi jioni, kofia pana na mikono mirefu. Jua la Mpwapwa mnalijua wenyewe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Chang'ombe, Dodoma. Nimeletewa kazi ya kiti cha kurushia tufe cha kijana ambaye miguu yake ilipooza kwa polio. Nilidhani ni kiti mwendo kilichotolewa magurudumu, kumbe sivyo. Vipimo vyake vikoje?

Fundi, anza na kipimo kimoja usichoweza kukivuka: kuanzia ardhini hadi juu ya sehemu ya kukalia isizidi sentimita 75, na mto unahesabiwa humo humo. Hapa ndipo viti vingi hukataliwa. Fundi anachomelea sentimita 75 kamili, kocha anaongeza sponji ya sentimita 4, na asubuhi ya mashindano watu wanahangaika kutafuta msumeno wa chuma. Muulize kijana atakalia mto gani, ulete karakana, upime nao. Ukilenga sentimita 73 pamoja na mto, hata uwanja ukiwa na kimlima kidogo huna wasiwasi.

Pili, sehemu ya kukalia iwe bapa, au mbele pawe juu kuliko nyuma. Ikiinamia mbele itakataliwa, kwa sababu inamsukuma mrushaji.

Tatu, nguzo ya kushikia. Lazima iwe kipande kimoja kilichonyooka, cha duara au cha mraba, bila kupinda popote, bila springi wala kiungo kinachocheza. Ukitumia bomba jembamba litapinda anapolivuta, na mwamuzi akiliona linapinda atalikataa. Chukua bomba nzito, unene wa milimita 3, uisimamishe ndani ya soketi uliyoichomelea kwenye fremu, na uikaze kwa bolti mbili ili urefu uweze kurekebishwa. Mkono wa kurushia ukiwa wa kulia, nguzo inakaa kushoto, mbele kidogo ya goti. Usikadirie kwa macho: mkalishe kijana, anyooshe mkono wa kushoto, kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo, kisha weka alama ya chaki.

Fremu yenyewe tunashauri bomba za mraba za milimita 40, unene usiopungua milimita 2. Zile nyepesi za vitanda hutikisika, na kiti kikitikisika nguvu ya mrushaji inapotelea kwenye chuma. Unaweza kuweka pa kuegemeza mgongo na pa kuwekea nyayo, ila visicheze. Kila kitu, pamoja na pa nyayo, lazima kikae ndani ya duara la kurushia, ambalo kwa tufe lina kipenyo cha mita 2.135.

Sasa mikanda. Tumewahi kuulizwa kama ile mipira ya kufungia mizigo kwenye pikipiki inafaa. Haifai, kwani kanuni inataka mikanda isiyovutika. Mikanda ya gari chakavu inatosha kabisa: mmoja juu ya mapaja karibu na nyonga, mwingine karibu na magoti. Mrushaji akinyanyua makalio kabla tufe halijatua, mtupo huo unafutwa. Mkanda wa mapaja uliolegea kidole kimoja tu unaweza kufuta mitupo yote mitatu, na mrushaji wa kukaa hutupa mfululizo bila kushuka, hapati muda wa kutafakari.

Mwisho, chomelea pete nne chini, kila pembe moja, za kupitishia minyororo. Udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mgumu juu na unga chini, kwa hiyo vigingi vya nondo viingie nusu mita, vikiinamia nje. Tufe lenyewe ni kilo 4 kwa wanaume wa makundi F54 hadi F57, yaani ya wanaorusha wakiwa wamekaa, na kilo 3 kwa wanawake.

Kuna faida gani kwa jamii kupeleka watu wawili watatu Paralimpiki, wakati wengi hawana hata kiti mwendo cha kwendea sokoni Majengo? (Mwanafunzi, UDOM)

Swali kali, na haki unayo. Mwanzo wa mambo haya haukuwa medali. Daktari Ludwig Guttmann, hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, alikuwa na wagonjwa waliovunjika uti wa mgongo, askari wengi, na alitumia michezo kama tiba: mikono ipate nguvu, mtu aweze kujihamisha kutoka kitandani. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki inafunguliwa London, aliwashindanisha watu 16 kwa upinde na mshale, wanaume 14 na wanawake 2. Mwaka 1960 mchezo ulifika Roma, wanamichezo kama 400 kutoka nchi 23. Toronto 1976 wakaingia wasioona na waliokatwa viungo. Seoul 1988 wakatumia viwanja vilevile vya Olimpiki. Tanzania ilionekana kwa mara ya kwanza Barcelona 1992.

Ubaya upo pia. Magazeti yakimfanya mwanamichezo "shujaa aliyeushinda ulemavu", jirani anamgeukia mama mwenye magongo: mbona yule anakimbia, wewe unaomba? Maneno hayo yanaumiza, na sisi waandishi tuna mkono wetu humo. Udanganyifu nao upo: Sydney 2000, timu ya Hispania ya kikapu ya wenye ulemavu wa akili ilinyang'anywa dhahabu ilipogundulika wachezaji wengi hawakuwa na ulemavu huo. Walioadhibiwa zaidi ni wasio na kosa, maana ulemavu wa akili haukurudi Paralimpiki hadi London 2012.

Faida tunayoiamini sisi ni ya chini kwa chini. Fundi wa Chang'ombe akishajua kupima mwili wa mtu aliyekaa, kiti mwendo cha sokoni hakimshindi. Uwanja ukishajengewa njia ya mteremko kwa ajili ya mrushaji mmoja, babu mwenye mkongojo naye anapita. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, lakini sheria bila watu mlangoni wanaohitaji kuingia hubaki kabatini. David Emong wa Uganda alichukua medali ya fedha ya mita 1500 Rio 2016. Medali kama hiyo huwafanya viongozi wapokee simu.

Nina mwanafunzi asiyeona kabisa, ana kasi. Nani amwongoze, na kwa kamba gani? (Mwalimu wa michezo, Kongwa)

Kamba isiyovutika, mwalimu. Kati ya mkono na mkono isizidi sentimita 30. Kamba ya kiatu iliyofungwa kitanzi kila upande inatosha. Kwenye mbio fupi, kundi T11 wote hufunika macho, hata asiyeona chochote, na kila jozi hupewa njia mbili.

Mwongozaji awe na kasi kumzidi, kwa sababu anakimbia huku anaongea. Waanze kwa kutembea, kisha mita 30. Mikono iliyoshika kamba iende pamoja, na mwongozaji ndiye anayefuata hatua za mkimbiaji. Neno "kona" litoke hatua mbili tatu kabla. Fagieni njia kwanza, mbigiri hazina huruma. Kwenye utepe mwongozaji asitangulie, na asimvute. Wala kamba isiachiwe: Paris 2024, Elena Congost wa Hispania alimaliza marathoni wa tatu akaenguliwa kwa kuiachia hatua chache kabla ya mwisho, alipomshika mwongozaji wake aliyekuwa anaanguka.

Mdogo wangu ni kiziwi, na rafiki yake amekatwa mguu, anacheza mpira kwa magongo. Waende Paralimpiki? (Kondoa)

Wote wawili wana njia nyingine. Mpira wa waliokatwa viungo haumo Paralimpiki, una Kombe lake la Dunia, na timu yetu ya taifa, Tembo Warriors, ilikwenda la Uturuki mwaka 2022. Wachezaji saba, kipa aliyekatwa mkono, hakuna kuotea, na kugusa mpira kwa gongo makusudi ni kosa sawa na kuunawa. Viziwi wana michezo yao ya dunia, Deaflympics, tangu Paris 1924. Mdogo wako apimwe usikivu: sikio lililo bora liwe limepoteza angalau desibeli 55. Mzoeshe kuondoka kwa ishara ya macho, bendera au taa, badala ya filimbi, na kisaidizi chake cha kusikia akivue kabla ya kushindana.