Kipindi cha saa moja kuhusu muziki wa Kanada: anzia redioni, si kwa mastaa

Kosa linalorudiwa na wanaoandaa kipindi kuhusu muziki wa Kanada ni kufungua na Céline Dion, kupitia kwa Bryan Adams, na kufunga na Drake. Msikilizaji wa Mwanza au Mombasa sauti hizo anazo tangu zamani. Asichokuwa nacho ni jibu la swali moja: nchi iliyolala ubavuni mwa Marekani, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 70 ilikuwa na watu kama sehemu moja ya kumi ya jirani yake, wengi wakizungumza lugha ya jirani huyohuyo na kuzisikia redio zake mpaka sebuleni, iliwezaje kuwa na muziki wake yenyewe? Kipindi chako kiko hapo.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuchagua wimbo wowote. Saa moja ya redio, ukitoa matangazo, jingo na habari, inabaki na dakika 45 hivi. Nyimbo saba zitakula dakika 30. Zilizobaki 15 ndizo za maneno yako, dakika mbili kila baada ya wimbo. Ukipanga nyimbo kumi na mbili utageuka karani wa mahudhurio, unasoma majina tu.

Fungua na tarehe 18 Januari 1971. Siku hiyo ilianza kutumika kanuni ya tume ya utangazaji ya Kanada, CRTC, iliyozitaka redio za AM zihakikishe asilimia 30 ya muziki wanaopiga ni wa Kanada. Mwenyekiti wa tume alikuwa Pierre Juneau, na tuzo za Juno, ambazo kwa Kanada ndizo Grammy zao, zimechukua jina kutoka kwake. Asilimia si jambo gumu kueleza. Kinachowaangusha watangazaji ni swali linalofuata: wimbo wa Kanada ni upi?

Kipimo kilitungwa na Stan Klees, mmoja wa watu waliokuwa nyuma ya jarida la muziki la RPM, na kinaitwa MAPL, herufi nne zinazosomeka kama jina la ule mti wenye jani lililoko kwenye bendera yao. M ni muziki: uwe umetungwa wote na Mkanada. A ni msanii: anayeimba au kupiga kwa sehemu kubwa awe Mkanada. L ni maneno ya wimbo: yawe yameandikwa yote na Mkanada. P ndiyo inayochanganya watu, maana wengi hudhani inamhusu mpigaji. Inahusu mahali. Wimbo uwe umerekodiwa wote ndani ya Kanada, au umepigwa wote huko na kurushwa moja kwa moja. Ukipata mbili kati ya nne, umepita.

Usiyasome haya hewani kama kifungu cha sheria. Yafanyie kazi kwa wimbo. Chukua "Heart of Gold" wa Neil Young, ulioshika namba moja Marekani mwaka 1972. Ulirekodiwa Nashville, na sauti za nyuma ni za Wamarekani wawili, James Taylor na Linda Ronstadt. P imeanguka. Lakini muziki ni wa Young, maneno ni ya Young, na msanii ni Young, aliyekulia Winnipeg. Tatu kwa nne. Umepita bila jasho.

Sasa weka mezani "(Everything I Do) I Do It for You" wa Bryan Adams, uliokaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo mwaka 1991. Msanii ni Mkanada, kwa hiyo A anayo. Ila ameutunga pamoja na Michael Kamen, Mmarekani, na Robert John "Mutt" Lange, mtayarishaji aliyezaliwa Mufulira, katika Zambia ya leo. Neno "yote" kwenye M na L likamfunga. Albamu nayo ilirekodiwa kwa sehemu London, ikamnyima P. Moja kwa nne. Mkanada aliyekuwa anasikika kuliko wote duniani mwaka ule, kwa karatasi, hakuwa muziki wa Kanada. Adams alilalamika hadharani, na baadaye kanuni ikaongezwa kipengele cha Mkanada anayetunga kwa ubia na mgeni, mradi apewe walau nusu ya haki za muziki na nusu ya haki za maneno. Kisa hiki kinaeleza mfumo mzima kwa dakika mbili. Wimbo wenyewe upige kwa toleo fupi la dakika nne na ushee, maana lile la kwenye albamu linavuka dakika sita.

Jihadhari na sentensi inayokuja mdomoni yenyewe hapa: "sheria hii ndiyo iliyowazaa mastaa wa Kanada." Si kweli, na msikilizaji mwenye tarehe atakuumbua. Paul Anka wa Ottawa alitikisa dunia na "Diana" mwaka 1957 akiwa bado kijana wa shule. Anne Murray aliivuka mipaka na "Snowbird" mwaka 1970. The Guess Who walishika namba moja Marekani kwa wiki tatu na "American Woman" Mei 1970, miezi minane kabla ya kanuni kuanza.

Hao The Guess Who wape nafasi, kwa sababu hata jina lao linaonyesha hali ilivyokuwa. Mwaka 1965 walikuwa bendi ya Winnipeg inayoitwa Chad Allan & the Expressions, na walikuwa wamerekodi upya "Shakin' All Over", wimbo wa Waingereza. Lebo yao, Quality Records, ilijua redio za Kanada zingeitupa pembeni santuri ya vijana wa nyumbani. Ikaitoa bila jina la bendi. Mahali pa jina pakaandikwa "Guess Who?", yaani kisia ni nani, ili watangazaji wadhani ni Waingereza wamejificha. Ikashika namba moja Kanada, na jina likawaganda. Bendi ilibidi ifiche nyumbani kwao ili ipigwe nyumbani kwao! Hilo ndilo jeraha ambalo kanuni ya 1971 ilikuja kulitibu.

Ukipiga "American Woman" angalia mambo mawili. Toleo la albamu linaanza na gitaa kavu la blues kwa zaidi ya dakika moja kabla ya mdundo unaofahamika kuingia, na mtangazaji asiyejua huanza kuhangaika akidhani ameweka faili siyo. Toleo la single limekata kipande hicho. La pili, ukiutafuta mtandaoni unaweza kuletewa kwanza ule wa Lenny Kravitz wa 1999, ambaye ni Mmarekani. Asili ya wimbo ni simulizi tamu: Randy Bachman, mpiga gitaa wao, alikata uzi wa gitaa jukwaani, akaweka mwingine, akawa anautuni kwa kucheza kitu kilekile tena na tena, wenzake wakajiunga na mwimbaji, Burton Cummings, akaropoka maneno papo hapo. Isimulie, ila usitaje ukumbi. Wanabendi wenyewe wametofautiana.

Basi kanuni ilifanya nini, ikiwa mastaa walikuwepo? Iliwafanya watu waweze kubaki. Kabla yake, kufanikiwa kulikuwa ni kuhama: Joni Mitchell kutoka Saskatoon, Neil Young kutoka Winnipeg, na Wakanada wanne kati ya watano wa bendi iitwayo The Band, wote waliyakuta majina yao makubwa upande wa pili wa mpaka. Redio zilipolazimika kujaza asilimia 30, zilihitaji santuri, santuri zikahitaji studio, studio zikahitaji mafundi, na mafundi wakalipwa. Vituo vilifanya hila, bila shaka. Nyimbo za Kanada zilirundikwa usiku wa manane au alfajiri, na saa hizo zikapachikwa jina la biva, mnyama yule wa kwenye sarafu ya senti tano ya Kanada. Ndiyo maana kanuni za baadaye, kiwango kilipopandishwa hadi asilimia 35, zinabana pia mchana: saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kama kipindi chako kinasikika Nairobi, ambako wasanii wamekuwa wakizilalamikia redio kwa kuwapendelea wa nje, simu zitaingia hapa. Jibu la kuwa nalo mkononi ni hilo la saa, kwa sababu asilimia peke yake hukwepeka.

Mfano wa kupiga baada ya maelezo hayo ni The Tragically Hip, bendi ya Kingston, Ontario. Nje ya Kanada wengi hawaijui, na hilo ndilo linaloifanya ifae. Mwimbaji wao, Gord Downie, aligundulika kuwa na saratani ya ubongo isiyotibika, na bendi ikafanya ziara ya mwisho. Tamasha la kufunga lilifanyika Kingston tarehe 20 Agosti 2016, CBC, shirika la utangazaji la umma, ikalirusha nchi nzima, na watu milioni 11.7 walilifuatilia, karibu theluthi ya Wakanada. Wimbo wa mwisho jioni ile ulikuwa "Ahead by a Century". Uweke huo. Usizungumze juu yake, uache uishe.

Quebec, jimbo la wanaozungumza Kifaransa, haiingii vizuri katika saa moja, lakini usiiruke kabisa. Redio za Kifaransa zina kanuni yao: asilimia 65 ya nyimbo zenye maneno ziwe za Kifaransa. Na Céline Dion, unayemjua kwa Kiingereza, mwaka 1990 alikataa tuzo ya Félix, tuzo ya muziki ya Quebec, ya msanii bora wa Kiingereza, akisema yeye si msanii wa Kiingereza. Sentensi mbili, zinatosha.

Nyimbo mbili zinadai maandalizi zaidi.

"The Wreck of the Edmund Fitzgerald" wa Gordon Lightfoot unahusu meli ya madini iliyozama Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 na mabaharia wake wote 29. Wimbo ulirekodiwa Toronto mwezi uliofuata, na kilichotoka kwenye albamu ya 1976 ni jaribio la kwanza. Mtego wake ni kuusoma kama taarifa ya uchunguzi. Wimbo unasema meli ilikuwa inakwenda Cleveland, wakati safari yake ilikuwa ya kuelekea Zug Island, Detroit. Pia unagusia mlango wa shehena kufumuka, na Lightfoot mwenyewe baadaye aliubadilisha mstari huo akiimba jukwaani, baada ya utafiti mpya kuwaondolea mabaharia lawama. Kwa hiyo ukipiga toleo la jukwaani la miaka yake ya mwisho, maneno hayatafanana na yaliyoko mtandaoni. Una dakika sita na nusu na hakuna pa kukata, kwa kuwa hauna kiitikio. Kengele ya kanisa la Mariners' Church la Detroit iligongwa mara 29 kwa ajili ya wale mabaharia. Lightfoot alipofariki Mei 2023, iligongwa mara 30.

Wa pili ni "YYZ" wa bendi ya Rush, wa 1981, hauna maneno hata moja. YYZ ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, na mwanzo wa wimbo ni alama hiyo kwa msimbo wa Morse. Unaweza kumfundisha msikilizaji aipige kwa kiganja mezani. Mlio mrefu uhesabu mbili, mfupi uhesabu moja. Y ni mrefu, mfupi, mrefu, mrefu: saba. Y ya pili: saba tena, zimekuwa 14. Z ni mrefu, mrefu, mfupi, mfupi: sita. Jumla 20. Gawa kwa nne, unapata mapigo matano, na ndiyo maana wimbo unaonekana kama unachechemea: sikio linangoja mapigo manne, linapewa tano. Jaribu hewani polepole kwanza, kisha achia wimbo. Neil Peart, mpiga ngoma wa Rush, anaanza kuugonga msimbo huo kwa matasa madogo ya chuma kabla gitaa na besi hazijaingia. Ukichelewa kufungua sauti kwa sekunde mbili, msimbo umepita na zoezi lako limekufa.

Malizia kwa daraja la kuja huku kwetu. Tarehe 10 Februari 1985 wasanii wa Kanada walikusanyika studio ya Manta Sound, Toronto, kurekodi "Tears Are Not Enough" kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Neil Young alipoambiwa sauti yake imeshuka kidogo chini ya noti, alijibu kwamba hiyo ndiyo sauti yake. Robo karne baadaye safari ikawa kinyume: kijana aliyezaliwa Mogadishu, mpwa wa Magool, yule mwimbaji mashuhuri wa Somalia, akalelewa Toronto baada ya vita, alitoa wimbo ulioimbwa katika kila kibanda cha kuonyesha mpira. K'naan, "Wavin' Flag".

Hapa angalia faili lako mara mbili. Unalolitaka ni la albamu *Troubadour* ya 2009, lenye maneno mazito ya vita na ukimbizi. Kuna la Kombe la Dunia la 2010, lenye maneno ya mpira na shangwe. Na kuna la wasanii vijana wa Kanada kwa ajili ya tetemeko la Haiti, la mwaka huohuo 2010, ambalo K'naan ni mmoja tu kati ya wengi wanaopokezana. Kiitikio kinafanana kwenye yote matatu, hivyo kulijaribu faili kwa kusikiliza katikati hakusaidii. Sikiliza ubeti wa kwanza wote. Ukisikia mpira, siyo lenyewe.