Je, Ni Halali Kushindwa kwa Makusudi?

SWALI: Ndugu Mhariri, timu iliyokwisha kufuzu wakati mwingine hupoteza kwa makusudi mchezo wa mwisho wa kundi ili imkwepe mpinzani mgumu katika hatua ya mtoano. Rafiki yangu anasema huo ni werevu, kwa kuwa kinachotafutwa ni kombe. Mimi naona ni udanganyifu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hoja zenu zinapimika vizuri kwa kisa cha Olimpiki ya London ya mwaka 2012, ambako jozi nne za wanawake wa mpira wa vinyoya, moja ya China, moja ya Indonesia na mbili za Korea Kusini, ziliondolewa mashindanoni kwa kutojitahidi kushinda. Wachezaji wenye uwezo wa kukipeleka kinyoya popote watakapo walikigongesha wavuni tena na tena, huku watazamaji wakiwazomea.

Rafiki yako atauliza mbona mkimbiaji anayepunguza mwendo katika mchujo haadhibiwi. Mkimbiaji huyo anahifadhi nguvu, lakini bado anataka kufuzu, na aliye kando yake anaweza kumpita. London pande zote mbili ziliukimbia ushindi, hivyo aliyelipa kiingilio hakuona shindano lolote. Nakubaliana nawe, ingawa siwezi kuwaweka fungu moja na mchezaji anayepokea hongo ili afungwe, kwani hawa bado walikuwa wakiisaka medali.

Hata hivyo, waandaaji ndio walioufanya ushindwaji uwe na faida, na walikuwa na mfano wa kujifunzia. Katika Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0 mjini Gijón, matokeo yaliyozivusha zote mbili na kuitoa Algeria, ambayo ilikuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla. FIFA haikumwadhibu yeyote, ila tangu 1986 mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Mpira wa vinyoya nao, baada ya aibu ya London, uliongeza droo ya kupanga wapinzani kwa kura baada ya makundi ili anayeshika nafasi ya pili asijichagulie mpinzani.

Pale ambapo mwanya huo haujazibwa, ningependa kocha asiyeuhitaji ushindi awapumzishe nyota wake waziwazi na kuwaingiza wachezaji wa akiba, ambao kwa kuwania namba kikosini watacheza kwa nia ya kushinda.