Maswali ya Wasomaji: Gitaa la Klasiki na Njia Aliyopita Julian Bream

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 19 na ninapiga gitaa la rizimu katika kwaya yetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Rafiki yangu alinirushia rekodi za Mwingereza Julian Bream, na tangu hapo nimeacha kuchapa nyuzi, najifunza kuzidonoa moja moja kwa vidole. Naomba unieleze mtu huyu alisoma chuo gani cha gitaa hadi akajulikana duniani kote, na kama kwa umri wangu na mahali nilipo bado ipo njia.
Mpiga gitaa wa kwaya, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Bream hakusoma chuo cha gitaa. Alizaliwa London mwaka 1933, akafundishwa hatua za mwanzo na baba yake, aliyekuwa akipiga gitaa la jazi, na alipoingia Chuo cha Kifalme cha Muziki alisomea piano na selo (ala kama fidla kubwa) kwa sababu gitaa halikuwamo katika masomo ya chuo hicho; tena alitakiwa asiingie nalo jengoni. Akiwa na miaka 13 alikuwa amekwisha kupiga mbele ya hadhira mjini Cheltenham, na mwaka 1951 alipiga katika ukumbi wa Wigmore Hall, ambao hadi leo ni mahali mwanamuziki wa aina hii hupimwa. Hata hivyo hakuanza mara moja kuizunguka dunia. Alitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, huko akapiga gitaa la umeme katika bendi ya dansi, na katika miaka hiyo ya ujana alijipatia riziki kwa kupiga muziki wa filamu na wa vipindi vya redio. Nakutajia haya kwa makusudi, kwa kuwa nimeona vijana wanaoona aibu kupiga harusini mara tu wanapojifunza kipande kimoja cha Bach.

Kilichomtofautisha na wapigaji wengine wenye vidole vyepesi ni muziki ulioandikwa kwa sababu yake. Mozart na Beethoven hawakuliandikia gitaa, na vipande vya Bach tunavyovipiga leo vilitungwa kwa ajili ya ala nyingine, kama luti (ala ya kale ya nyuzi inayofanana na gitaa), fidla na selo, kwa hiyo mpigaji aliyetaka kupewa nafasi kwenye kumbi kubwa alijikuta hana kazi nzito za kutosha kujaza jioni nzima. Andrés Segovia wa Hispania (1893–1987) alilishughulikia tatizo hilo kabla ya Bream. Alihamishia kwenye gitaa kazi za ala nyingine, ikiwamo Chaconne ya Bach aliyoipiga Paris mwaka 1935, na akawashawishi watunzi wa zama zake, kama Manuel Ponce wa Meksiko na Heitor Villa-Lobos wa Brazili, wamwandikie. Lakini ladha yake ilikuwa ya kihafidhina, na kazi isiyompendeza aliiweka kando. Mswisi Frank Martin alimwandikia vipande vinne vifupi mwaka 1933, lakini Segovia hakuvipiga. Miaka mingi baadaye Bream alivirekodi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Bream anapomzidi mkongwe huyo, ingawa wapo watakaonipinga. Aliwaendea watunzi ambao muziki wao ulikuwa mgumu kusikilizwa, akavumilia. Malcolm Arnold alimtungia kazi nzima ya gitaa na okestra, yaani konseto, mwaka 1959. William Walton alimwandikia vipande vitano mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kubwa kuliko zote ni Nocturnal ya Benjamin Britten, iliyoandikwa mwaka 1963. Kwa kawaida mtunzi hukupa wimbo kwanza, kisha anaugeuzageuza. Britten aliupindua utaratibu huo: msikilizaji anapitishwa kwenye mageuzo yote, yenye wasiwasi kama wa mtu aliyekosa usingizi, na wimbo wenyewe, wa Mwingereza John Dowland (1563–1626), unatokea mwishoni. Si jambo la bahati kwamba ni Dowland. Bream alikuwa pia mpigaji wa luti, na yeye ni miongoni mwa waliourudisha muziki wa Dowland masikioni mwa watu.

Mwaka 1984 alivunjika kiwiko cha mkono wa kulia katika ajali ya gari, akalazimika kuuzoesha upya mkono huo, na akaendelea kupiga hadi alipostaafu mwaka 2002. Alifariki mwaka 2020.

Sasa kuhusu wewe. Nisingependa kukudanganya juu ya umri: Ana Vidović wa Kroatia alianza akiwa na miaka 5, Xuefei Yang wa China akiwa na miaka 7, na wengi wanaoshinda mashindano makubwa, kama lile la Tárrega linalofanyika Benicàssim, Hispania, walianza utotoni. Njia hiyo kwako ni nyembamba sana. Lakini kuishi kwa muziki kunawezekana kwa njia nyingine, na la kwanza ni kusoma nota kwenye mistari mitano. Sol-fa mnayoitumia kwenye kwaya imekujengea sikio, nayo ni mtaji. Ila muziki wa gitaa la klasiki hauandikwi hivyo. TaSUBa, ile taasisi ya sanaa kule Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Makumira karibu na Arusha wanafundisha muziki, na unaweza kuanzia huko.

La pili ndilo ninalolisisitiza zaidi. Uko Dodoma, nyumbani kwa muziki wa Wagogo ambao marehemu Hukwe Zawose aliupeleka kwenye majukwaa ya Ulaya kwa ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba) na zeze. Derek Gripper wa Afrika Kusini amejenga jina kwa kuhamishia kwenye gitaa la klasiki muziki wa kora (kinubi cha Afrika Magharibi) wa Toumani Diabaté wa Mali, na Francis Bebey wa Kameruni alitunga vipande vya gitaa kutokana na muziki wa kwao. Nenda Chamwino ukasikilize wazee kwa heshima, kisha ujaribu. Utakutana na ugumu mmoja wa kweli: baadhi ya sauti za ilimba hazimo kwenye freti za gitaa (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo yake), hasa ile ya saba katika mfululizo wa sauti za asili, ambayo iko chini ya nota ya freti kwa karibu theluthi ya nusu-toni, yaani ya umbali wa sauti kati ya freti moja na inayofuata. Lakini ukiugusa uzi kwa wepesi, bila kuukandamiza, kati ya freti ya pili na ya tatu, ukisogelea ya tatu, sauti hiyo hiyo itatoka. Anzia hapo.

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu nilimnunulia gitaa la klasiki lililokwishatumika. Kiangazi hiki ubao wa mbele umepasuka ufa mwembamba kuanzia kwenye daraja (kijibao kinachoshikilia nyuzi) kuelekea chini, na ncha za freti zinamkwaruza vidole. Fundi anashauri tufunge nyuzi za chuma ili sauti iwe kubwa. Nifanyeje?
Mama wa mwanafunzi, Mpwapwa

JIBU: Mama, usikubali nyuzi za chuma. Gitaa hilo limeundwa kwa nyuzi za nailoni, na za chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili. Daraja litang'oka au shingo itapinda. Ufa umesababishwa na ukavu. Magitaa mengi huundwa katika karakana zenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na kiangazi chetu cha Dodoma hushuka chini ya hapo kwa muda mrefu; ubao wenye unene wa milimita mbili na ushei husinyaa, ilhali freti za chuma hazisinyai, ndiyo maana ncha zake zimejitokeza nje. Fundi seremala makini anaweza kuuziba ufa kwa gundi ya mbao, akabandika vijibao vidogo kwa ndani, na akazisugua ncha za freti kwa tupa laini. Baada ya hapo gitaa likae ndani ya sanduku lake kila lisipopigwa, pamoja na sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, ndani ya kisahani cha sabuni chenye kifuniko kilichotobolewa. Sponji iloweshwe tena kila inapokauka, kuanzia mwezi Mei hadi mvua zinapoanza, na sanduku lisiwekwe chini ya bati lisilo na dari.