Maua Yametoka, Majani Niyatoe?

SWALI: Shikamoo mama. Ninalima nyanya hapa Ilula, Iringa. Nina Tanya nusu ekari nje, na mistari sita ya Anna F1 ndani ya kitalu nyumba. Zote zimeanza kutoa maua, ila kwenye kitalu mengine yanadondoka. Jirani yangu anasema majani ndiyo yananyonya nguvu, niyapukutishe yote. Nimeshavua mstari mmoja wa Tanya, nikaingiwa na hofu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ishia hapo hapo. Jani bichi halimnyonyi mtu. Ndilo linalopika chakula cha tunda, na kila kichala hulishwa zaidi na majani yaliyo jirani nacho.

Tanya ni nyanya fupi. Ikifika kimo chake haiendelei kurefuka, na matunda yake huja karibu kwa mkupuo. Hiyo toa majani yanayogusa udongo na yenye madoa ya bakajani, mengine yaache. Mwaka 2009 nilivua shamba langu zima mwezi wa tisa, jua la kiangazi likiwaka, eti matunda yapate mwanga yaive haraka. Baada ya siku chache mabega ya nyanya yalitoka mabaka meupe, yakabonyea, yakakauka kama karatasi. Mnunuzi alifunua tenga la kwanza, akabonyeza baka kwa kidole gumba, akalifunika na kwenda kwa mwingine. Nikiona nyanya imeachwa uchi juani, moyo bado unaniuma.

Anna ni habari nyingine, maana hurefuka bila kukoma. Wakati huu wa maua shughulika na machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina: yanyofoe kila wiki yakiwa hayajazidi urefu wa kidole. Majani yasubiri. Kichala cha chini kikishajaa na nyanya zake kuanza kubadilika rangi, majani yaliyo chini yake ndiyo yamemaliza kazi. Toa mawili au matatu kwa wiki kwenye kila mche, ukianzia chini, wala usikivuke kichala kinachoiva. Juu yabaki majani 12 au zaidi.

Fanya asubuhi umande ukishakauka, siku isiyo na mvua, ili kidonda kikauke kabla ya jioni. Shika kikonyo karibu kabisa na shina, kisukume juu, kisha kivute chini. Kitakatika penye kifundo bila kuchana ganda. Ukiacha kisiki, kitaoza na ukungu utapita hapo. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujaanza, na kibarua anayevuta sigara anawe mara mbili, kwa sababu virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwenye vidole. Miche inayoonekana kuumwa iwe ya mwisho kuguswa. Majani usiyatupe mferejini. Yafukie, maana funza wa kantangaze, yule nondo mdogo anayeharibu nyanya, wamo humo humo ndani ya jani, na wakikua wanarudi kwenye nyanya zako.

Kuhusu maua kudondoka, jirani amekosea. Kitalu kikipita nyuzi 32 mchana, chavua inaharibika. Fungua pembeni mapema kabla joto halijajaa. Humo ndani hakuna upepo, kwa hiyo zigonge taratibu kamba ulizofungia miche, kati ya saa nne na saa sita, ili chavua idondokee mahali pake. Mwagilia kwa kipimo kile kile kila siku, siyo leo mafuriko kesho vumbi. Tena angalia ncha za miche: zikiwa nene, zimejikunja na kijani chake kimekoza sana, umezidisha urea. Iache kwa sasa, utumie mbolea yenye potasiamu.

Ule mstari uliovuliwa usiung'oe. Mwagilia kama kawaida, usiuongezee urea kwa haraka ya kuufufua, na machipukizi yake yote yaache yakue. Ndiyo majani yatakayofunika nyanya zake jua likikaza.