Zilizopigwa, zilizochorwa au zilizochapwa?

SWALI: Natayarisha maonyesho madogo ya shule hapa Mombasa kuhusu wasanii wa Ulaya waliosafiri India zamani za ukoloni. Chini ya picha moja nimeandika: "Picha ya hekalu la Kihindi iliyopigwa India na Thomas na William Daniell, 1798." Mwalimu mwenzangu anasema "iliyopigwa" ni kosa, niandike "iliyochapwa", na "Kihindi" iwe "Kihindu". Nani yuko sawa?

JIBU: Mwenzako yuko sawa kwa "Kihindu", na kwa "iliyochapwa" yuko sawa nusu. Mwaka nao una matatizo yake, ingawa hamkuuliza.

Tuanze na kupiga. Mtu akisema picha imepigwa, msikilizaji yeyote ataiona kamera. Hawa wawili walifika Calcutta mwaka 1786 na wakaondoka India 1793, ilhali upigaji picha ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839. (Thomas, ami yake William, alifariki 1840, kwa hiyo habari ya kamera huenda aliisikia akiwa mzee sana.) Ni kweli walitumia kisanduku cha giza chenye lenzi, ambacho huangusha sura ya jengo juu ya karatasi, lakini mistari waliifuata kwa kalamu, kwa mikono yao. Huko ni kuchora.

Sasa kuchapa. Neno hili lina asili ya huko huko Bara Hindi, na kwetu limezaa matawi ambayo si vizuri kuyachanganya. Mtoto mtukutu huchapwa, kitabu huchapwa mtamboni, na kitabu hicho hicho huchapishwa, yaani hutolewa kwa wasomaji. Ukiandika "hekalu lililochapwa na Daniell", wanafunzi watacheka, na watakuwa na haki. Angalia pia upatanisho: "picha ya hekalu iliyochapwa" ni picha ndiyo iliyochapwa, "picha ya hekalu lililochapwa" ni hekalu lenyewe limekula bakora. Mimi ningeandika "iliyopigwa chapa", ambayo haina utata.

Lakini chapa pekee haisemi yote, kwa sababu kazi ile ilikuwa na hatua mbili zilizoachana kwa miaka. Yamkini picha yako ni ile ya hekalu kuu la Thanjavur, lililojengwa na mfalme Rajaraja wa Chola na kukamilika mnamo 1010. Akina Daniell walizunguka kusini mwa India mwaka 1792. Chapa ilitoka London 1798, ikiwa sehemu ya mkusanyo wao uitwao Oriental Scenery, ambao hatimaye ulifikia picha 144 na kukamilika 1808. Kwa hiyo ukisema "India, 1798" umewarudisha watu mahali walipokwisha kuondoka miaka mitano nyuma.

Mbinu waliyotumia huitwa akwatinta. Bamba la shaba hunyunyiziwa unga wa utomvu mkavu, kisha hupashwa moto ili chembe zigande. Linapotiwa katika tindikali, tindikali huila shaba katika nafasi zilizo baina ya chembe. Pale msanii anapotaka pabaki peupe hupapaka vanishi. Pale anapotaka kivuli kizito huacha tindikali ile muda mrefu zaidi. Wino hujaa katika vishimo hivyo, na karatasi yenye unyevu ikikandamizwa na mtambo huunyonya. Ndiyo maana kivuli cha mnara kinatoka laini, hakina mistari mistari. Rangi nyingine zilimaliziwa kwa brashi, karatasi moja moja. Mchoro nao huwekwa kwenye bamba kinyumenyume, la sivyo kushoto kwa hekalu kungetoka kulia.

Kwa sababu hiyo sipendelei kuita chapa hizi "michongo", kama wafasiri wengine wanavyofanya. Mchongaji hutumia patasi au kisu. Hapa aliyekula shaba ni tindikali. Isitoshe, ukimwambia kijana wa Dar es Salaam kwamba akina Daniell walikuwa na michongo India, atauliza walilipwa kiasi gani.

Kihindi na Kihindu ni jambo fupi ila zito. Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe Mhindu, Khoja, Bohora au Singasinga. Mhindu ni muumini wa dini ya Kihindu. Kisiwa cha Bali kimejaa mahekalu ya Kihindu ambayo si ya Kihindi hata kidogo. Baniani, neno letu la kale la pwani kwa mfanyabiashara Mhindu, liache ndani ya methali ya kiatu na dawa. Leo wengi hulisikia kama dharau. Na "pagoda", utakaloliona katika anwani za Kiingereza za chapa hizo, Wazungu wa wakati ule waliliita hekalu lolote, na tena lilikuwa jina la sarafu ya dhahabu ya kusini mwa India. Kwa msomaji wa Kiswahili pagoda ni mnara wa Kibuddha. Andika hekalu.

Maelezo yako basi yangesomeka hivi: "Hekalu kuu la Kihindu la Thanjavur, India. Lilichorwa na Thomas na William Daniell mwaka 1792. Picha ikapigwa chapa London 1798. Akwatinta, imemaliziwa rangi kwa mkono."

Usiigeuze kanuni ya kila picha, maana kila chapa ina watu wake. William Hodges, aliyekuwa mchoraji katika safari ya pili ya nahodha Cook (1772–1775) kabla ya kwenda India 1780, alichora na kuandaa mabamba mwenyewe. Kwake kitenzi chochote kati ya hivi viwili kitakaa. Chapa za Ellora, mapango ya mahekalu yaliyochongwa mwambani huko India, ni habari nyingine. Zilitoka 1803 chini ya usimamizi wa Thomas Daniell, lakini aliyechora ni James Wales, Mskoti aliyekuwa amekwisha kufariki 1795. Kwa hiyo: "zimechorwa na Wales, zimepigwa chapa na Daniell." Mapango yale yalichorwa pia na Gangaram Tambat, msanii wa Pune, na ukipata mchoro wake, jina lake liwe la kwanza, si la Mwingereza aliyemwajiri. Na kuhusu hekalu la Kailasa la huko Ellora, usiseme "lililojengwa": lilichongwa katika mwamba mmoja, kuanzia juu kushuka chini. Hapo ndipo kitenzi kuchonga kina haki yake.